Kazi ya Siku Ndani ya Faili Moja

Leo tuzungumze juu ya kupanga kazi za kila siku kwa chombo ambacho tayari unacho, hata kama hujawahi kukitilia maanani. Chombo hicho ni faili la maandishi matupu. Nikisema maandishi matupu nina maana ya herufi, tarakimu, alama za uandishi na mistari, basi. Hamna rangi, hamna herufi za wino mzito, hamna picha wala majedwali. Kwenye kompyuta, jina la faili la namna hiyo huishia na nukta, kisha herufi tatu: t, x, t. Ukilifungua kwa Notepad, programu ya kuandikia ya Windows, litafunguka. Ukilifungua kwenye simu ya bei nafuu litafunguka. Ukimtumia ndugu yako aliye Bujumbura au Maskati ataliona vilevile ulivyoliandika, hata kama kompyuta yake ni ya zamani kuliko yako.

Tumchukue mtu mmoja tumfuate. Ni fundi friji, tuseme yuko Tanga mjini. Ofisi hana. Ana begi la vifaa, pikipiki, simu, na kompyuta mpakato aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Wanaompigia simu ni wenye mabucha, wauza samaki, akina mama wanaouza juisi na barafu, na wenye hoteli ndogo ndogo. Huyu friza yake haigandishi. Yule friji yake inawaka na kuzima. Mwingine anasema gesi iliyojazwa juzi imekwisha, na anataka kazi irudiwe bure. Ufundi wenyewe anaujua vizuri. Kinachomchosha ni kuzikumbuka kazi: nani aliahidiwa siku gani, nani alitanguliza fedha, ni vifaa gani vya kununua akipita mjini, na friji ya nani ina gesi ya aina gani.

Hilo la gesi si jambo dogo. Friji nyingi za nyumbani za miaka iliyopita zina gesi iitwayo R134a. Nyingi za siku hizi zina R600a, ambayo hushika moto ikikutana na cheche. Fundi hawezi kuweka hii mahali pa ile kwa kubahatisha. Kibandiko kilichoko kwenye friji kikishafutika au kubanduka, kinachobaki ni kumbukumbu ya fundi mwenyewe. Na kumbukumbu ya mtu anayehudumia watu wengi kwa wiki ina kikomo.

Sasa mpe huyu fundi faili moja. Kila kazi ipate mstari wake mmoja. Kuna utaratibu niupendao kwa kazi za namna hii, uliotungwa mwaka 2006 na Gina Trapani, mwandishi na mtunga programu wa Marekani. Aliuita todo.txt, na masharti yake unaweza kuyashika ukiwa umesimama kituo cha daladala. Kazi moja, mstari mmoja. Kazi ya haraka huwekewa mwanzoni herufi kubwa ndani ya mabano: A kwa ile isiyoweza kungoja, B kwa inayofuata, na kuendelea. Kazi iliyo sehemu ya shughuli kubwa zaidi huandikiwa alama ya kujumlisha ikifuatwa na jina la shughuli. Kazi inayohitaji uwe mahali fulani, au uwe na kitu fulani mkononi, huandikiwa ile alama ya a iliyozungushiwa duara, tunayoiona kwenye anwani za barua pepe, ikifuatwa na jina la mahali au la kitu. Kazi ikimalizika, unatia herufi ndogo x mwanzoni mwa mstari, na tarehe. Masharti yamekwisha.

Kwa fundi wetu, mistari mitatu ya asubuhi ingesomeka hivi:

(A) kagua feni ya friza ya bucha, haigandishi +bucha @ngamiani
(B) nunua rilei mbili +bucha @mjini
mpigie mama wa juisi, mweleze bei ya kompresa +juisi @simu

Angalia kinachotokea. Fundi akifika mjini, anafungua sehemu ya kutafuta, anaandika alama ile na neno mjini, na kila kitu cha kununua mjini kinajitokeza, kiwe cha bucha au cha mama wa juisi. Akiwa amekaa anangoja mvua ipite, anatafuta neno simu, na watu wote wa kupigiwa anawaona. Akiulizwa na mwenye bucha kazi imefika wapi, anatafuta neno bucha. Orodha ni ileile moja, ila anaitazama kwa upande anaouhitaji saa hiyo. Na hakuna programu maalumu iliyohitajika. Trapani mwenyewe alitunga programu ndogo ya kuendeshea faili hilo, lakini faili lenyewe linasomeka hata bila hiyo programu. Mtoto wa darasa la tano akipewa mistari ile mitatu anaweza kukueleza inasema nini.

Utagundua pia kwamba kila mstari umeanza na tendo, ama umefika kwenye tendo upesi: kagua, nunua, mpigie. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo orodha nyingi zinapoharibika. Mtu anaandika "friji ya bucha", na jioni akiisoma anahisi uzito tu, hajui aanzie wapi. Friji ya bucha ni mzigo mzima, wenye kazi nne au tano ndani yake: kukagua, kupima, kununua kifaa, kurudi kufunga, kudai malipo. Ukiandika tendo la kwanza peke yake, mkono unajua pa kwenda. Na lugha yetu imetupa njia fupi ya kuamuru: kagua, peleka, dai, funga. Neno moja la herufi chache linabeba amri nzima. Orodha ya Kiswahili iliyoandikwa hivyo ni fupi na inasukuma.

Tuje kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mazungumzo haya. Mstari uliokwisha usifutwe. Watu wengi wakimaliza kazi hufurahia kuifuta, na programu nyingi za simu zimetengenezwa ili kazi iliyokwisha itoweke mbele ya macho. Lakini kwa mtu anayeishi kwa kazi za watu, kilichokwisha kina thamani kuliko kisichoanza. Katika utaratibu wa todo.txt mistari iliyotiwa x huhamishiwa kwenye faili la pili liitwalo done.txt, na hukaa humo daima. Fundi wetu akiongeza maneno machache wakati wa kuihamisha, faili hilo linageuka kuwa historia ya kazi yake. Mstari mmoja utakuwa na tarehe, jina la mteja, kilichokutwa, kilichobadilishwa, aina ya gesi, bei, na kiasi kilicholipwa.

Sasa rudi kwa yule mteja anayesema gesi iliyojazwa juzi imekwisha. Fundi anatafuta jina lake. Pengine ataona kwamba kweli alijaza wiki tatu zilizopita, hakuandika kuwa alitafuta mahali inapovuja, basi kazi ni yake kuirudia. Pengine ataona kwamba ilikuwa miezi saba iliyopita, na kwamba siku ile alimwambia mteja bomba limeoza, linahitaji kubadilishwa, mteja akasema atalishughulikia baadaye. Kwa vyovyote, maongezi yanakuwa ya watu wawili wanaotazama tarehe, si ya watu wawili wanaoshindana kwa sauti. Fundi mwenye kumbukumbu ya namna hii ana heshima mbele ya mteja, na anajua pia wapi anajidanganya mwenyewe. Akitafuta neno kompresa kwa mwaka mzima, ataona ni aina gani zinazokufa mapema, na hatazinunua tena.

Kuhusu tarehe, nina ombi moja. Andika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na mwezi au siku yenye tarakimu moja uiwekee sifuri mbele. Tarehe tisa Machi mwaka 2024 iandikwe 2024-03-09. Sisi tumezoea kuanza na siku, na katika barua endelea hivyo. Lakini kompyuta ikiambiwa ipange mistari, hulinganisha herufi moja moja kuanzia kushoto. Ukianza na siku, tarehe tisa Machi na tarehe tisa Novemba zitakaa jirani, na tarehe kumi Machi itakwenda mbali. Ukianza na mwaka, mpangilio wa herufi na mpangilio wa wakati unakuwa kitu kimoja. Huu ndio uandishi uliopitishwa kimataifa mwaka 1988 kwa jina la ISO 8601.

Na saa je? Hapa Afrika Mashariki tunahesabu saa kuanzia macheo, na kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa nane mchana yetu ni 14:00 yake. Ukiwa na miadi na watu wa hapa tu, andika saa zetu na usisahau kuongeza mchana au usiku. Ukiwa mfasiri au mhasibu mwenye wateja wa nje, andika 14:00 kila mara. Kuchanganya mifumo miwili katika faili moja ni kujitafutia siku ya kufika kikaoni ukiwa umechelewa kwa saa sita.

Huenda unajiuliza kama faili la namna hii halitakuwa kubwa mno baada ya muda. Tupige hesabu. Herufi moja ya kawaida hukaa katika baiti moja. Ukiandika herufi 2,000 kila siku, ambazo ni zaidi ya jumbe 12 za simu zilizojaa, kwa siku zote 365 utakuwa na baiti 730,000. Haifiki megabaiti moja. Picha moja ya simu yenye megabaiti 3 inachukua nafasi ya miaka minne ya kazi yako iliyoandikwa. Ndiyo maana faili hili linapita hata mahali ambapo mtandao unasuasua, na linaingia kwenye flashi yoyote, hata ile ndogo uliyopewa kwenye semina ukaitupa kwenye droo.

Sasa nitakurudisha nyuma kidogo, kwa sababu uimara wa kitu hiki una asili yake. Mwaka 1963 Marekani ilichapisha kanuni ya kuzipa herufi namba ili mashine za watengenezaji mbalimbali zielewane. Iliitwa ASCII. Ina nafasi 128, kuanzia 0 hadi 127. Nafasi 33 ni amri za mashine, kama ile ya kuanza mstari mpya, na 95 zilizobaki ni za kuandikia, ikiwamo ile nafasi tupu kati ya neno na neno. A kubwa ni 65. Sifuri ni 48. Herufi ndogo hazikuwamo katika toleo la kwanza. Zilikuja baadaye katika muongo uleule, na a ndogo ikapewa 97.

Lugha nyingi za dunia zilibanwa sana na nafasi hizo 128. Mfaransa alikosa mahali pa kuweka e yake yenye mkwaju juu, Mreno akakosa a yenye kiwimbi, na kila nchi ikajiongezea jedwali lake. Matokeo yake, faili lililoandikwa mji huu likifunguliwa mji ule lilitoa alama za ajabu. Kiswahili cha herufi za Kirumi hakikuguswa na balaa hilo. Hatuna alama juu ya herufi. Hata ng'ombe wetu na ng'ambo yetu hutumia kile kikoma cha juu ambacho kina namba yake humohumo, 39. Mtu aliyeandika barua ya Kiswahili kwenye mashine za miaka ya sitini hakupoteza herufi hata moja. Mimi hulitaja jambo hili kwa furaha kila ninapopata nafasi, kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba teknolojia hii ilikuja bila kutujua. Katika hili, ilitukuta tumeshakamilika.

Baadaye njia ilipatikana ya kuziingiza lugha zote. Mwezi Septemba 1992, Ken Thompson na Rob Pike, wahandisi wa maabara ya Bell Labs, walibuni kanuni ya UTF-8 wakiwa mgahawani huko New Jersey. Mchoro wa kwanza Thompson aliuandika kwenye kitambaa cha karatasi kinachotandikwa chini ya sahani. Ubora wa mpango wao uko hapa: herufi 128 za mwanzo walizibakiza na namba zilezile, zilizoandikwa vilevile, na herufi nyingine zote wakazipa nafasi baada ya hizo. Kwa hiyo faili la zamani la ASCII ni faili halali la UTF-8 bila kugusa kitu. Na hati za Kiarabu, ambazo wazee wetu wa Lamu, Pate na Mombasa walizitumia kuandikia Kiswahili kwa karne nyingi, nazo zinaandikika leo ndani ya faili lilelile la maandishi matupu.

Kile kikoma cha juu kina tahadhari moja ambayo nimeona ikiwasumbua watu. Baadhi ya programu za kuandikia, na baadhi ya kibodi za simu, hukibadilisha kikoma kilichonyooka kuwa kilichopinda, kwa ajili ya urembo. Kwa macho ni kilekile. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Ukitafuta ng'ombe kwa kikoma kilichonyooka, wale walioandikwa kwa kilichopinda hawatapatikana, na utadhani hukuandika. Ingia kwenye mipangilio ya simu yako, uzime hiyo huduma ya kupinda alama.

Uimara unapimwa kwa miaka. Julai 1971, kijana aitwaye Michael Hart, katika Chuo Kikuu cha Illinois, alichapa Azimio la Uhuru wa Marekani kwenye kompyuta ya chuo, kwa herufi kubwa tupu kwa sababu mashine ile haikuwa na ndogo. Huo ukawa mwanzo wa Project Gutenberg, maktaba ya vitabu vya bure vya kompyuta. Maandishi ya namna hiyo bado yanafunguka leo kwenye simu yako bila mtu kuyafanyia ukarabati. Linganisha na Wunderlist, programu ya orodha za kazi iliyotengenezwa Berlin na kupendwa na watu wengi sana. Microsoft iliinunua mwaka 2015. Mei 2020 ilifungwa. Watumiaji walipewa njia ya kuhamisha orodha zao, na hilo lilikuwa jema, lakini ilibidi wahame kwa tarehe waliyopangiwa na mtu mwingine. Silaumu kampuni kwa kufunga biashara. Nasema tu kwamba kumbukumbu ya kazi yangu sitaki iwe na tarehe ya kufa iliyo mikononi mwa watu nisiowajua.

Zipo njia nyingine za kutumia maandishi matupu, na si lazima ufuate ya Trapani. Notepad ya Windows, ambayo imekuwapo tangu Windows ya kwanza mwaka 1985, ina jambo moja ambalo wengi hawalijui. Andika nukta na neno LOG kwa herufi kubwa kwenye mstari wa kwanza kabisa wa faili, kisha hifadhi. Tangu hapo, kila ukilifungua, Notepad itaongeza yenyewe saa na tarehe chini kabisa, nawe unaendelea kuandika. Kwa mwalimu wa zamu, kwa mlinzi wa ghala, kwa mwenye duka anayeandika yaliyojiri, hicho ni kitabu cha matukio kilichokamilika. Ukitaka tarehe katikati ya maandishi, bonyeza kitufe cha F5.

Kwenye Unix, mfumo wa kompyuta uliozaliwa Bell Labs mwaka 1969, kulikuwa na programu ndogo iitwayo calendar. Mtu alikuwa na faili la jina hilohilo lenye mistari yenye tarehe, na programu ilimsomea mistari ya leo na ya kesho tu. Siku ya Ijumaa, kesho yake ilihesabiwa mpaka Jumatatu, ili mtu asishtukizwe baada ya mapumziko. Napenda sana busara iliyomo katika sharti hilo dogo. Na kwa wale wenye kazi ndefu za utafiti, Carsten Dominik, mtaalamu wa elimu ya anga wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, alianzisha mwaka 2003 mfumo uitwao Org, ambamo vichwa vya habari huwekewa nyota, na kazi, tarehe na maelezo hukaa pamoja katika faili moja refu. Una nguvu nyingi na unahitaji muda wa kujifunza. Kwa fundi wetu wa Tanga nisingeushauri. Kwa mwanafunzi wa uzamivu, ndiyo.

Mipaka ya njia hii ni lazima niitaje. Faili halina kengele. Halitakuamsha saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi. Kazi hiyo iachie saa ya simu. Watu watatu wakiliandika faili moja kwa wakati mmoja kutoka simu tatu, watafutiana maneno, kwa hiyo kikundi kinachohitaji kuandika pamoja kitafute chombo kingine, au kimteue katibu mmoja. Hesabu za fedha zenye safu nyingi ni kazi ya jedwali. Na jambo la hatari zaidi: maandishi matupu husomwa na yeyote atakayeshika simu yako. Namba ya siri ya benki au ya M-Pesa haina nafasi humo hata siku moja. Muuguzi au mwalimu anayeandika habari za wagonjwa au wanafunzi asiweke majina yao. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, Tanzania ina ya mwaka 2022, na kabla ya sheria kuna haki ya mtu mwenyewe kutotangazwa.

Kisha kuna kupotea. Simu huibiwa, kompyuta huanguka, mtoto hubonyeza kitufe. Faili dogo namna hii halina sababu ya kukaa mahali pamoja. Kila Ijumaa, au siku yoyote uliyojipangia, linakili kwenye flashi na ujitumie kwenye barua pepe yako, ukilipa jina lenye tarehe. Lakini la kuandikia liwe moja tu. Ukianza kuandika leo kwenye simu na kesho kwenye kompyuta, bila utaratibu wa kuhamisha, baada ya wiki utakuwa na ukweli wa aina mbili na hutajua uamini upi.

Jambo hilo la umoja nalisisitiza kuliko mengine. Hamu ya kuanzisha mafaili mengi humjia kila mtu: moja la nyumbani, moja la kazini, moja la kikundi, moja la ndoto za baadaye. Unapoyagawa, unajiongezea kazi ya kukumbuka kitu kiko wapi, na hiyo ndiyo kazi uliyotaka kuipunguza. Alama za kujumlisha na za mahali zimewekwa ili vitu vya namna nyingi vikae pamoja bila kupotezana. Ada ya shule, kikao cha harusi, rilei ya friza, vyote viwe humo. Maisha yako ni mamoja, na siku yako ina saa zilezile kwa vyote hivyo.

Ukitaka kuanza, hii ndiyo hali halisi ya vifaa. Kwenye Windows tumia Notepad. Kwenye kompyuta za Apple kuna TextEdit, lakini ingia kwanza kwenye menyu ya muundo, uiambie ifanye maandishi yawe matupu, maana yenyewe huanza na maandishi yenye mapambo. Kwenye simu za Android ipo programu ya bure iitwayo Markor, ambayo haihitaji kujiandikisha, inafanya kazi bila intaneti, na inaujua utaratibu wa todo.txt. Kuipakua kutakugharimu bando kidogo, mara moja tu.

Na usilihamishie faili hili majukumu ya siku nzima usiku wa kwanza. Leo kabla ya kulala, fungua faili jipya, andika juu tarehe ya kesho ukianza na mwaka, kisha andika kazi tatu, kila moja ianze na tendo. Kesho jioni zilizokwisha zitie x na tarehe, ambazo hazijakwisha ziache hapohapo, na uongeze mpya chini yake. Fanya hivyo kwa mwezi mmoja kabla ya kuongeza sharti lolote jingine. Mwisho wa mwezi, soma faili lote kuanzia juu hadi chini, polepole, kisha lihifadhi kwenye flashi na umpe mtu unayemwamini akutunzie.